Ulinasa Pakiti Usiku Mzima na Asubuhi Hakuna Kitu? Cheki Kwanza Data Yako Inalala Wapi

Wasee wa waifai za ploti, hii ni yenu. Na wewe uliyeachiwa mtandao wa ofisi kwa sababu tu siku moja ulionekana ukichomoa kebo na kuirudisha, vuta kiti pia.

Acha nianze na vile nilichomeka. Nilikuwa nasambazia keja 24 waifai, na kila mechi ikianza saa nne usiku, laini inazimia. Grupu ya WhatsApp inawaka moto. Mama wa nyumba namba 7 ananiuliza kama nataka doo yake ama nataka amani. Nikipigia kampuni inayoniuzia laini, jibu ni lile lile: huku kwetu kila kitu iko sawa, cheki rauta yako. Sasa hapo unabishana aje na mtu hana haraka, na wewe ndio unadaiwa?

Unahitaji ushahidi. Nikachukua kompyuta mzee, nikaiunganisha kwenye swichi inayoweza kunakili kila kitu kinachopita, nikafungua Wireshark, nikabonyeza kile kipezi cha papa cha bluu, nikaenda kulala nikijisikia mpelelezi. Saa kumi alfajiri stima ikapotea, ikarudi baada ya dakika kama tano. Asubuhi nimekuja na chai mkononi, nakuta mashine imejiwasha upya na skrini ni safi kama sahani ya harusi. Saa saba za data, zimeenda.

Nilidhani Wireshark ndio imenichezea. Wapi. Ni mimi sikuwahi kuiambia iweke hiyo data wapi.

Kwanza, inaandika wapi?

Kwa wale wageni: kila kitu unachofanya kwa mtandao kinakatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti. Wireshark na tcpdump zinanasa hizo pakiti ili uone nani alituma nini, nini ilipotea, na nini ilirudiwa. Ukibonyeza kuanza bila kutaja faili, Wireshark haikai na pakiti hewani. Ina mwenzake wa chini ya maji anaitwa dumpcap, na huyo ndiye anaandika kila kitu kwenye faili ya muda. Kwa Linux anaangalia kwanza kama umeweka kigezo kinaitwa TMPDIR. Kama hakuna, anaenda /tmp. Kwa Windows anaenda folda ya Temp iliyo ndani ya AppData\Local ya akaunti yako.

Sasa /tmp ni kama meza ya kibanda cha chai. Ukiinuka, inapanguswa. Mashine nyingi za Linux husafisha hiyo folda zikiwaka. Na kuna noma nyingine: kwa Fedora tangu toleo la 18, na kwa Debian tangu toleo la 13, /tmp haiko hata kwa diski. Iko kwa RAM. Yaani unanasa pakiti ukidhani unajaza diski, kumbe unakula memori ya mashine yenyewe. Stima ikienda, hakuna cha kuokoa, hata ukiletewa fundi wa dunia nzima.

Kujua yako iko aje, andika hii:

df -h /tmp

Ukiona neno tmpfs mwanzoni mwa mstari, basi hiyo ni RAM.

Watu wa Windows mna kabahati kidogo. Wireshark ikianguka yenyewe katikati ya kazi, faili ya muda mara nyingi hubaki palepale Temp, jina lake likianza na wireshark. Ingia utafute kabla hujalia. Lakini ukiifunga kwa kawaida, ikuulize kama unataka kuhifadhi na ujibu hapana kwa usingizi, inaifuta. Hiyo imekula wengi.

Na hauhitaji kukisia hizi folda. Fungua Wireshark, nenda Help, halafu About Wireshark, halafu Folders. Hapo utapewa orodha yote: faili za muda ziko wapi, mipangilio yako binafsi iko wapi, viongezo viko wapi. Wewe wa taminali, andika tshark -G folders upate orodha hiyo hiyo. Nilitumia hii programu miaka kadhaa bila kujua huo ukurasa uko. Sijivunii.

Kubadilisha ni rahisi. Kwa matoleo mapya unaweza kuanzisha Wireshark ukiwa umeongeza --temp-dir na folda unayotaka. Lakini mimi nakushauri uachane na mambo ya faili za muda kabisa, kama kazi ni ya usiku mzima. Taja faili halisi, kwenye diski halisi. Kwa Wireshark ya kubonyezabonyeza, ingia Capture, Options, kisha Output, uandike njia ya faili hapo.

Diski nayo ina mwisho wake

Usiku wa pili nikajifanya mjanja. Nikataja faili, nikaiweka kwa diski, nikalala. Asubuhi diski imejaa pu, na ile kompyuta ndio ilikuwa pia inatunza rekodi za nani amelipa. Programu ya malipo ikagoma kuandika. Sasa sina ushahidi kamili, na sijui nani amelipa.

Hesabu yake ni hii, na ningeifanya kabla ningejiokolea aibu. Laini ya 20 Mbps ikitumika yote inabeba megabaiti 2.5 kila sekunde. Hiyo ni 150 kwa dakika, gigabaiti 9 kwa saa. Usiku wa masaa nane ni gigabaiti 72. Kama ofisi yako ina 100 Mbps na watu wanaitumia kweli, ni gigabaiti 45 kwa saa moja. Diski ya gigabaiti 120 haimalizi hata filamu mbili ndefu.

Kuna njia mbili za kupunguza, na unazitumia pamoja. Ya kwanza ni kukata pakiti. Kujua laini inapoteza data hauhitaji kuona video yenyewe ambayo jirani alikuwa anatazama, na kusema ukweli hupaswi kuiona. Unahitaji kichwa cha pakiti tu: imetoka wapi, inaenda wapi, namba yake ya mfululizo ni ngapi. Baiti 96 za mwanzo zinatosha kwa hilo. Ya pili ni kuzungusha faili: unasema nataka faili 150 za megabaiti 100 kila moja, zikijaa zote, ile ya zamani zaidi inatolewa na mpya inaingia. Hivyo haiwezi kupita gigabaiti 15, hata usahau mpaka Krismasi.

Kwa tcpdump inakaa hivi:

sudo tcpdump -i eth0 -n -s 96 -C 100 -W 150 -w /srv/pakiti/laini.pcap

Hiyo eth0 badilisha iwe jina la kadi yako ya mtandao. -s ndio kukata, -C ni ukubwa wa faili moja, -W ni idadi, -w ni mahali pa kuandika. Ukiiendesha kwa mara ya kwanza kwa Debian ama Ubuntu, pengine utagongwa na ujumbe wa kukatazwa ruhusa, na utashangaa, si niko na sudo? Uko nayo, lakini tcpdump yenyewe ikishafungua kadi ya mtandao inavua cheo cha admini na kuvaa nguo za mtumiaji mdogo anaitwa tcpdump, kwa sababu za usalama. Huyo mdogo hana haki ya kuandika kwa folda yako. Kwa hivyo mpe yake:

sudo mkdir /srv/pakiti
sudo chown tcpdump /srv/pakiti
sudo chmod 700 /srv/pakiti

Na kwa Ubuntu hakikisha jina la faili linaishia na .pcap. Kuna askari wa ndani anaitwa AppArmor ambaye anaangalia mpaka jina, na hana mchezo.

Kuna mtego mwingine hapa ambao haukuonyeshwi hadi ukuume. Stima ikipotea na ukaanzisha amri ile ile tena, tcpdump inaanza upya kutoka faili 000. Inaandika juu ya ile ya jana. Yaani ushahidi wako unafutwa na ushahidi wako. Ndio maana mimi siku hizi natumia dumpcap moja kwa moja:

dumpcap -i eth0 -s 96 -b filesize:100000 -b files:150 -w /srv/pakiti/laini.pcapng

Ukienda njia hii, folda iwe ya akaunti yako mwenyewe badala ya yule tcpdump. Hii inaweka namba, tarehe na saa kwenye jina la kila faili, kwa hivyo ya jana haiguswi. Lakini nayo ina bei yake: ikianzishwa upya haizihesabu zile za zamani, inaanza kuhesabu 150 zingine. Stima ikipotea mara tano, una mizunguko mitano kwa diski. Kwa mtaa wangu, hiyo ni wiki moja. Pitia folda kila mara, ufute yale hauhitaji.

Na kama unaweza, usiweke hizo faili kwa sehemu moja ya diski na mfumo wenyewe ama hesabu za watu. Hata diski ya nje ya kuchomeka ni sawa. Ikijaa, ijae peke yake.

Halafu, zinatafuta wapi?

Hii upande wasee wengi huruka. Hivi vifaa haviandiki tu. Vinasoma pia: orodha za namba za huduma, majina ya watengenezaji wa kadi, skripti, ramani za anwani. Na kila kimoja kina mpangilio wake wa mahali pa kutafuta kwanza.

Nmap ndio mfano mzuri. Ukiiambia ichunguze mashine, inahitaji faili kama nmap-services ili ijue mlango 443 ni wa nini, na nmap-os-db ili ikisie mfumo wa kompyuta. Inatafuta kwa zamu. Kwanza mahali ulipotaja kwa --datadir. Pili, folda iliyo kwa kigezo NMAPDIR. Tatu, folda iliyofichwa ya .nmap kwa nyumba yako, ama AppData\Roaming\nmap kwa Windows. Nne, pale programu yenyewe inakaa na jirani yake share/nmap. Mwisho kabisa, mahali palipoandikwa ndani wakati inatengenezwa, kama /usr/share/nmap. Ikipata faili mahali pa kwanza, haiendi mbele kutafuta nyingine.

Unaona ngori iko wapi? Ukiwahi kunakili faili ya zamani ukaiweka kwa .nmap, halafu miaka miwili baadaye ukasasisha Nmap, ile mpya imekaa /usr/share/nmap ikipigwa na vumbi. Yako ya zamani ndio inasomwa. Unapata majibu ya kizamani na unalaumu programu. Dawa ni kuiendesha na -v, uangalie mwishoni inasema imesoma data kutoka folda gani. Na ukiongeza skripti mpya kwa folda yake ya skripti, andika nmap --script-updatedb ili iingie kwa orodha, la sivyo ukiitisha skripti kwa kundi lake, hiyo yako haitaitikia.

Sudo nayo inachanganya watu hapa. Ukiandika sudo mbele, nyumba inayoangaliwa ni ya admini, sio yako, na vigezo vingi ulivyoweka kwa mkono vinaachwa mlangoni. NMAPDIR yako haiingii. Hali ni hiyo hiyo kwa Wireshark: ukiifungua kwa sudo, mipangilio na rangi zako zote zimepotea, kwa sababu inasoma nyumba nyingine. Kwanza usiifungue hivyo. Jiweke kwa kundi la wireshark, utoke uingie tena, na utanasa bila sudo.

Wireshark pia inaweza kukuonyesha anwani fulani iko nchi gani, lakini haijui yenyewe. Unapakua data ya GeoLite2 kutoka MaxMind, ambayo tangu mwisho wa 2019 inataka ufungue akaunti ya bure kwanza, kisha unaenda kwa mipangilio, Name Resolution, unaiambia folda iliyo na hizo faili. Kosa la kawaida ni kuiacha kwa Downloads, halafu siku moja unasafisha Downloads.

Sasa tafuta sindano

Una faili 150. Laini ilizimia saa nne na robo. Usizifungue moja moja, utazeeka. Andika capinfos -a -e ikifuatwa na majina ya faili, na itakuambia kila moja imeanza saa ngapi na kuisha saa ngapi. Chukua zile mbili tatu za wakati huo, ziunganishe kwa mergecap, kisha zichuje:

tshark -r jana.pcapng -Y "tcp.analysis.retransmission"

Hiyo inakuonyesha pakiti zilizotumwa mara ya pili kwa sababu ya kwanza haikufika. Kama zinarundikana kwa keja zote kwa dakika ile ile, sio rauta ya mtu mmoja. Lakini hazikuambii zinapotelea wapi. Kwa hilo niliweka Smokeping, ambayo kwa kawaida inatuma pingi 20 kila dakika 5 na kuchora. Niliielekeza kwa rauta yangu, na kwa kituo cha kwanza cha kampuni baada ya rauta yangu.

Smokeping kwa Debian inaweka data yake /var/lib/smokeping, na ukitaka kuihamisha unabadilisha datadir kwa faili ya /etc/smokeping/config.d/pathnames. Simamisha huduma kwanza, nakili data, hakikisha mwenye folda bado ni smokeping, ndio uiwashe. Uzuri wake ni kwamba faili zake zina ukubwa uliopangwa tangu siku ya kwanza. Hazikui. Ubaya ni kwamba inafanya hivyo kwa kukanyagia data ya zamani iwe wastani, kwa hivyo ile miiba mikali ya leo, baada ya muda itakuwa vilima. Piga picha ya mchoro mapema.

Kabla hujakimbia kujaribu, kuna kitu ya sheria. Zile pakiti ni maisha ya watu. Hata zikiwa zimekatwa, zinaonyesha keja gani iliongea na anwani gani, saa ngapi. Sheria ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta inakataza kunasa mawasiliano bila idhini, na ile ya 2019 ya ulinzi wa data inasema usikae na habari za watu kuliko unavyozihitaji. Mimi niliandika kwa grupu kwamba nitapima laini kwa siku tatu na kwa nini, nikangoja wakubali. Nyumba namba 7 aliuliza kama nitaona anachotazama. Nikamwambia hapana, baiti 96 tu. Hakuelewa lakini alikubali. Ile chmod 700 hapo juu ilikuwa ya hiyo kazi, kijana wa kuchaji simu asifungue folda kwa udaku.

Usiku wa tatu ndio ulifanya kazi. Mchoro wa kwenda rauta yangu ulikuwa mstari mnyoofu usiku kucha. Wa kituo cha kampuni ulianza kupoteza pingi saa tatu na nusu, ukawa mbaya saa nne, ukapona baada ya saa sita. Nikatuma picha mbili na saa zake. Hakuna aliyeniambia nicheki rauta. Siku mbili baadaye walikubali kwamba pale tulipounganishwa palikuwa pamebanana na wateja wengi, wakatuhamisha.

Faili za pakiti nilizifuta wiki hiyo. Doo ya ule mwezi sikurudishiwa, na nyumba namba 7 mpaka leo anaikumbusha kila tarehe tano.